Je, Wajua? Mashine ya Vakyumu Jikoni na Gharama Isiyoandikwa kwenye Boksi

Wifi yangu wa Tanga alinipigia simu, na hata salamu hazijaisha vizuri akauliza: "Wifi, ile mashine ya kunyonya hewa kwenye mifuko ya chakula, ninunue au niache?" Ana friza, ana watoto wanne, na anakaa mahali ambapo nguru akishuka bei asubuhi, jioni hayupo tena. Nilimwomba wiki moja. Haya ndiyo niliyomrudishia, pamoja na mengine niliyoyaokota njiani.

Je, wajua kwamba mashine hii haiui kijidudu hata kimoja? Inatoa hewa, basi. Karibu asilimia 21 ya hewa tunayovuta ni oksijeni, na oksijeni ndiyo inayoyapa mafuta ya samaki ile harufu kali na kuipa ukungu nafasi ya kuota. Ukiiondoa, uharibifu wa namna hiyo unapungua mwendo. Uharibifu wa namna nyingine unaendelea, na huko mbele nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ni jambo la uhai.

Je, wajua kwamba kinachoubana mfuko hadi ukamshika samaki kama ngozi ya pili ni hewa ya nje, wala si mashine? Hewa inakandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa karibu kilo moja. Mwaka 1657, katika mji wa Magdeburg, Ujerumani, Otto von Guericke alikutanisha mabakuli mawili ya shaba, akanyonya hewa iliyokuwa ndani kwa pampu aliyoibuni mwenyewe, kisha akafunga farasi wanane kila upande wayavute. Farasi wote 16 walihangaika kuyaachanisha.

Na je, wajua kwamba Nairobi hewa hiyo ni nyepesi kuliko Mombasa? Pwani mgandamizo wake ni karibu kilopaskali 101. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, unabaki karibu 83. Kwa hiyo ukisoma kwenye boksi kwamba mashine inavuta hadi kilopaskali 80, ujue namba hiyo imepimwa usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi au wa Mbeya atauona mfuko wake umelegea kidogo kuliko wa wifi yangu, na mashine yake haina kosa lolote.

Sasa tuje kwenye pesa.

Je, wajua kwamba theluthi moja hivi ya plastiki unayoinunua haitabeba chakula? Chukua roli ya kawaida, upana sentimita 28, urefu mita 5. Mfuko wa kilo moja ya samaki unaukata sentimita 30. Chini unaziba, sentimita mbili zimekwenda. Juu watengenezaji wanataka uache sentimita saba na nusu hivi kati ya chakula na mdomo wa mfuko, ili mashine ipate pa kushika. Jumla ni karibu sentimita 10 kati ya 30. Roli nzima inatoa mifuko 16 na kipande kinachobaki, ambacho utakitunza kwenye droo na pengine usikitumie kamwe.

Hesabu niliyomfanyia wifi ndiyo hii. Bei nimezichagua ziwe rahisi kichwani. Wewe weka za dukani kwako. Mashine tuseme sh. 150,000. Roli sh. 20,000, yaani mfuko mmoja sh. 1,250. Familia inafunga mifuko minne kwa wiki, ambayo ni 208 kwa mwaka, sawa na roli 13. Hizo ni sh. 260,000 kila mwaka. Miaka mitano ikipita, mifuko imekula sh. 1,300,000 na mashine bado ni zile zile 150,000 ulizotoa siku ya kwanza. Kitu ulichokisumbukia bei dukani, ukazunguka maduka matatu, kimechukua karibu sehemu moja ya kumi ya gharama yote.

Nilipomtajia jumla hiyo, wifi alinyamaza. Kisha akasema, "Hiyo ni ada ya shule." Kweli.

Je, wajua kwamba mbinu ya kupata faida kwenye kinachotumika na kwisha ina sifa ya zamani kwenye nyembe? Watu humtaja King Gillette wa Marekani, aliyepata hataza ya wembe wake mwaka 1904, wakidai aligawa mpini rahisi ili auze nyembe ghali. Yeye mwenyewe aliuza mpini na nyembe zake kwa dola 5, na hizo zilikuwa pesa nyingi zama zile. Mipini ya bei ya chini ilikuja hataza zilipokwisha muda mwaka 1921.

Je, wajua kwamba hata mfuko wa vakyumu una hataza yake? Ushike mkononi uupapase: upande mmoja laini, upande wa pili una vijinundu au vimistari. Vijinundu hivyo ni vijia vya hewa. Bila hivyo, kuta mbili za plastiki zingegandana hewa ikiwa bado imefungiwa ndani. Hanns J. Kristen alipewa hataza ya mfuko wa namna hiyo nchini Marekani mwaka 1988, na muda wake ulikwisha zamani. Maana yake kwako mnunuzi ni hii: kiwanda chochote kinaruhusiwa kutengeneza mifuko yenye vijinundu, na mashine nyingi za nyumbani zinakubali mfuko wowote wa aina hiyo mradi upana wake uingie. Usikubali kuambiwa kwamba lazima ununue wa jina lilelile lililoandikwa kwenye mashine. Ulizia, pima upana, jaribu mfuko mmoja kabla hujachukua katoni.

Je, wajua kwamba wauza nyama wakubwa hutumia mifuko laini isiyo na vijinundu, tena kwa bei ya chini zaidi? Mashine zao ni za chemba. Mfuko mzima unaingia ndani ya sanduku, hewa inatolewa nje na ndani ya mfuko kwa wakati mmoja, kuta hazigandani. Mashine yenyewe ni ghali na nzito, ya kuinuliwa na watu wawili. Kwa mama mwenye biashara ya samaki anayefunga mifuko mamia kwa wiki, tofauti ya bei ya mifuko inaweza kuirudisha pesa yake. Kwa jiko la familia, sioni.

Kwenye chemba hiyohiyo, supu ya vuguvugu huchemka bila moto. Maji ya nyuzi 20 huanza kuchemka mgandamizo ukishuka hadi kilopaskali 2.3 hivi. Mashine ya nyumbani haifiki huko, lakini hunyonya mchuzi ukaingia kwenye pampu, na huo ndio mwisho wa mashine nyingi. Gandisha kwanza kwenye bakuli, kisha ufunge bonge.

Je, wajua kwamba umeme wa mashine hii ni kama haupo? Yenye wati 120 ikifanya kazi dakika nzima kwa kila mfuko, uniti moja ya umeme inatosha mifuko 500. Familia yetu ya mifuko 208 haimalizi hata nusu uniti kwa mwaka.

Friza ndilo lenye njaa. Linalotumia uniti moja kwa siku linakula kwa siku moja umeme ambao mashine ingefungia mifuko ya miaka miwili na zaidi. Mwaka ukiisha ni uniti 365. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakinunua mashine kwa nyama, kisha wananunua friza la pili kwa sababu ya mashine. Hapo usihesabu mifuko tena. Hesabu LUKU, au tokeni kama uko Kenya, na uhesabu kwa miaka.

Je, wajua kwamba friza lililojaa hulinda baridi karibu saa 48 umeme ukikatika, iwapo mlango haufunguliwi? Lililojaa nusu, saa 24 hivi. Na hapa mashine inastahili sifa yake: pakiti bapa hupangika kama vitabu, friza likajaa kweli badala ya kujaa mapengo. Tena pakiti ukiipunguza unene hadi nusu, muda wake wa kuganda hupungua kwa nusu au zaidi. Nyama iliyoganda haraka haivuji maji mengi siku ya kuyeyushwa.

Na yale mabaka meupe, makavu, kwenye kuku aliyekaa mno? Ni maji ya juu ya nyama yaliyogeuka kutoka barafu kuwa mvuke bila kupitia kuyeyuka. Hayana madhara, ila ladha imeondoka nayo. Mfuko uliobanwa huyazuia vizuri kuliko mfuko wowote uliolegea, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mashine hii.

Je, wajua kwamba zawadi ya ndugu kutoka Marekani inaweza kufa siku ya kwanza? Umeme wa kule majumbani ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Mashine iliyoandikwa 120 peke yake, ukiichomeka ukutani Tanga, utasikia harufu kabla hujaona matokeo. Ya kutoka Oman, Dubai au Ulaya haina shida hiyo. Kabla ndugu hajafunga sanduku, mwombe apige picha kibandiko kilicho chini ya mashine. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini bei yake nayo iingie kwenye hesabu.

Je, wajua ni nini kinachokufa kwanza? Mara nyingi ni mpira laini unaozunguka sehemu ya kunyonyea. Ukibanwa muda mrefu hubonyea usirudi, hewa inapenya, mfuko haubani, na mwenye nyumba anadhani pampu imekufa. Usihifadhi mashine ikiwa imefungwa kwa kubana. Iache kifuniko kimelegea. Kinachofuata ni utepe wa tefloni juu ya waya wa joto. Huo huungua taratibu, nao hubadilishwa kwa fedha kidogo. Mimi niliitupa mashine yangu ya kwanza kwa sababu ya mpira. Duka lililoniuzia halikuwa na mpira wa akiba wala halikujua unapatikana wapi, na mimi sikuwa nimeuliza kabla ya kulipa. Siku hizi swali langu la kwanza dukani ni hilo, kabla ya bei.

Ipumzishe kati ya mfuko na mfuko. Waya wa joto ukichoka kwa moto, mshono unayeyuka kupita kiasi na kutoboka. Miiba ya samaki na ncha za mbavu nazo hutoboa: zifunike kwa karatasi ya jikoni iliyokunjwa. Unga na pilipili ya kusaga huruka hadi kwenye mshono na kuuharibu. Weka karatasi hiyohiyo juu yake.

Sasa lile la uhai.

Je, wajua kwamba kuna kijidudu kinachopenda mahali pasipo na hewa? Kinaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake zimo kwenye udongo, kwenye matope ya bahari na ya maziwa, na huvumilia kuchemshwa kwa nyuzi 100. Viwanda vya makopo huziua kwa nyuzi 121 chini ya mgandamizo kwa dakika tatu. Zikikosa oksijeni na zikapata unyevu na vuguvugu, huota na kutengeneza sumu inayolegeza misuli, hadi ile ya kupumulia. Sumu hiyo inaweza kuwamo chakula kisibadilike harufu wala rangi.

Mwezi Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki 34 waliopiga msibani walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwenye maji ya chumvi. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem alichunguza mabaki ya nyama ile na miili, akakipata kijidudu, na mwaka 1897 akachapisha matokeo. Paja lile lilikuwa limezama kwenye chumvi, pasipofika hewa.

Na kwetu? Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mkasa wa sumu hiyohiyo nchini Kenya, kutokana na kumbikumbi. Walikuwa wamesafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hapakuwa na mashine, hapakuwa na vakyumu. Mfuko uliofungwa na siku kadhaa za safari vilitosha.

Kwa hiyo nilimwambia wifi, na nilipandisha sauti: mashine haikupi ruhusa ya kuacha samaki nje ya baridi. Nyama iliyofungwa ni ya friza. Zipo aina za kijidudu hiki, hasa zinazopatikana kwa samaki, ambazo huota hata kwenye nyuzi 3 tu juu ya kuganda, na friji nyingi za nyumbani zina joto kuliko hapo. Ndiyo maana samaki wa vakyumu hutobolewa mfuko kabla ya kuyeyushwa kwenye friji, hewa imwingie. Kitunguu saumu kibichi na uyoga mbichi usivifunge ukaviacha kabatini, hata siku moja. Na huu mfuko ndio usiooshwa: uliobeba nyama au samaki mbichi unatupwa. Uliobeba njugu au maharage makavu unaweza kuuosha na kuutumia tena, ukiupunguza sentimita mbili tatu kila mara.

Je, wajua kwamba nyama ya ng'ombe ikikosa hewa hubadilika kuwa ya zambarau iliyokoza? Wengi huitupa wakidhani imeoza. Ifungue, iache kidogo, wekundu unarudi. Kilo nzuri za nyama zimeishia jalalani kwa kutojua hili, na mimi nimetupa moja.

Sukuma wiki na kabeji mbichi hutoa gesi ndani ya mfuko ukavimba. Zichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, uzipoze, uzikaushe, ndipo ufunge.

Je, wajua kwamba unaweza kutoa hewa nyingi bila mashine, kwa ndoo ya maji? Tia nyama kwenye mfuko imara wa zipu, uache kona moja wazi, uuzamishe polepole hadi karibu na mdomo. Maji yanausukuma mfuko pande zote, hewa inatoka juu, unafunga. Hautabana kama wa mashine. Kwa samaki atakayeliwa ndani ya mwezi mmoja, sijaona tofauti mezani, na nimejaribu mara nyingi.

Je, wajua kwamba wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walitatua jambo hili bila plastiki? Nyirinyiri ni nyama ya ng'ombe au ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa, kisha ikazamishwa kwenye samli au mafuta. Mafuta yanazuia hewa. Kukausha ndiko kunakovinyima vijidudu unyevu, na kazi hizo mbili hufanyika pamoja.

Je, wajua kwamba nafaka hujitolea hewa yenyewe? Mifuko ya PICS yenye tabaka tatu ilianzia Cameroon kwa ajili ya kunde miaka ya 1980, nayo sasa inauzwa Tanzania na Kenya. Unajaza mahindi makavu, unafunga kila tabaka kwa nguvu. Wadudu waliomo ndani wanaimaliza oksijeni na kufa. Dumuzi, yule mharibifu aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakambandika jina la Scania, hufia humohumo. Gunia zima halihitaji umeme, na mfuko usiotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Ukiona mtu anafunga mahindi kilo mojamoja kwa mashine ya vakyumu, mwelekeze huko.

Je, wajua mfuko wa vakyumu unaishia wapi? Ndani yake kuna nailoni ya kuzuia oksijeni na polithini ya kushika mshono, zimegandana kama chapati na mafuta yake. Kuzitenganisha ili zirudi kiwandani ni kazi ngumu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mfuko wa vakyumu ni kifungashio cha chakula, haumo kwenye kundi lile. Lakini dampo la Pugu au la Dandora halijui tofauti. Familia yetu ya mfano, kwa miaka mitano, imeongeza mifuko 1,040. Hili linaniuma, na ningependa kila anayenunua aliweke kwenye mizani pamoja na shilingi zake.

Na chakula chenyewe? Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yake ya mwaka 2024, ulikadiria kwamba majumbani duniani hutupwa kilo 79 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka. Ni wastani wa dunia, si jiko lako. Jiko lako lina namba yake, na ndiyo pekee inayoamua. Kama samaki ni sh. 12,000 kwa kilo, ile sh. 260,000 ya mifuko inarudi ukiwa ulikuwa unatupa karibu kilo 22 kwa mwaka. Au kama unanunua kwa jumla, bei ya jumla ikupunguzie zaidi ya sh. 1,250 kwa kila kilo unayoifunga, kabla hujagusa umeme. Ukitia kilo mbili kwenye mfuko mmoja mrefu kidogo, mzigo huo unashuka. Kwa nguru, kamba na pweza inawezekana. Kwa dagaa wakavu na maharage, sikuona njia.

Wifi hajanunua. Ametundika kalamu pembeni ya kalenda ya jikoni, na kila kinachotupwa kutoka kwenye friza anakiandika: tarehe, aina, uzito. Wiki ya tatu imeisha. Mpaka jana palikuwa na kolekole mmoja wa robo tatu na mfuko wa mchicha.